Paswedi Moja ya Mtaa Mzima

Nianze kwa kukiri mwenyewe, maana nisipokiri mimi Mama Batilda atawasimulia, na akisimulia yeye anatia chumvi mpaka chakula hakiliki: mimi Skolastika, mwenye steshenari hapa Lizaboni, Songea, mwanamke mzima wa miaka arobaini na mbili, niliyekuwa naitwa mtaalamu wa mambo ya mtandao na mwenyewe nikaitika, ndiye niliyewapa watu wa mtaa mzima paswedi moja. Moja tu. Wazee, vijana, walimu, mafundi, mama wa vitumbua, hata mwenyekiti wa mtaa. Na paswedi yenyewe (sasa nacheka, siku ile sikucheka) ndiyo ile ile niliyokuwa natumia mimi.

Msinihukumu kabla hamjajua kazi yangu ilivyo. Steshenari huku kwetu si duka la kalamu na madaftari tu. Mtu akitaka kuomba kazi, akitaka cheti cha kuzaliwa, akitaka uhamisho, akitaka kumwombea mwanawe chuo, anakuja na karatasi zake ndani ya mfuko wa rambo, anakaa kwenye benchi, anasema, "Dada Skola, nifungulie," na mimi namfungulia, namjazia, namtumia, na shida zake zote nazijua kuliko padri wake. Sasa tatizo ni paswedi. Unamfungulia mtu akaunti Jumatatu, unamwandikia paswedi yake vizuri kwenye karatasi, Jumatano karudi, kasahau, karatasi imefuliwa pamoja na suruali, halafu ananinunia mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyeifua hiyo suruali! Siku moja hasira zikanipanda (mimi na hasira ni ndugu wa tumbo moja), nikasema basi, kuanzia leo kila atakayekuja nampa hii hii yangu, akisahau namkumbusha hata nikiwa nakaanga samaki. Uamuzi ulinichukua kama nusu dakika. Na kweli nilipumzika, miaka ikapita, watu wakawa wananisifu nina kumbukumbu ya ajabu.

Sasa mwaka huu mama mmoja wa mtaa wa jirani akaibiwa akaunti yake ya meseji, mwizi akawa anawaandikia ndugu zake akijifanya yeye, na mtaani kwetu kila mtu akaingiwa na hofu. Mwenyekiti wa mtaa akaja dukani, akavua kofia kabisa, akasema, "Dada Skola, Alhamisi saa nane tuna mkutano. Nakupa nusu saa uwafundishe wananchi namna ya kulinda akaunti zao. Wewe ndiye mtaalamu wetu."

Mtaalamu wetu! Ningekuwa na akili ningesema naumwa malaria. Lakini mimi kusifiwa napenda, sifichi, kwa hiyo Jumatano nikaenda kusuka nywele, nikatoa kile kitenge changu cha Pasaka, na nikafanya mazoezi ya hotuba mbele ya mashine ya fotokopi.

Alhamisi asubuhi, sijafagia vizuri, akapita Mwalimu Rehema akielekea shuleni. Huyu lazima niwaeleze vizuri, kwa sababu siku ile mimi nilikuwa na aibu tu ya kupata, lakini yeye alikuwa na kitu cha kupoteza. Mwalimu Rehema ni mtu wa Tanga, serikali ilimleta Songea kufundisha shule ya msingi, na mumewe, Bwana Yusufu, ni afisa kilimo kule Tunduru kwenye korosho zao. Wameoana miaka saba, na katika hiyo miaka saba wamelala nyumba moja likizo na sikukuu tu. Wana mtoto, Nasra, ana miaka mitano, na huyo mtoto humwita baba yake Baba wa Simu. Mimi mara ya kwanza kusikia nilicheka, mara ya pili nikashindwa kucheka.

Mwalimu alikuwa ameomba uhamisho mara nne, mara zote umekwama, kwa sababu ili uondoke hapa lazima apatikane mwalimu wa kule anayetaka kuja huku, mbadilishane vituo. Safari hii Mungu kamjalia, kapatikana mwalimu wa Tunduru ambaye mama yake anaumwa hapa Songea, na yule wa Tunduru ameshathibitisha upande wake. Upande wa Rehema kumebaki kitu kimoja: kuingia kwenye mfumo, kupandisha barua yenye saini ya mwalimu mkuu, na kubonyeza kuthibitisha. Mwisho ni siku hiyo hiyo, saa kumi na mbili jioni, dirisha linafungwa. Likifungwa ni kusubiri mwaka mwingine, na yule wa Tunduru hatasubiri, ana mwalimu mwingine wa Mbinga anamwita kila siku.

"Dada Skola," akaniambia, "mwalimu mkuu anarudi leo kutoka safari, anasaini saa tisa. Nikitoka tu nakuja mbio hapa. Usifunge duka, nakuomba."

"Nifunge niende wapi? Mwalimu, leo unahamia Tunduru hata kama ni mimi wa kukusukuma."

"Inshallah," akasema, na mimi Mkatoliki wa Lizaboni nikaitikia amina.

Basi saa nane nikafika ofisi ya mtaa, watu wamejaa, upepo wa baridi ule wa mwezi wa saba unapuliza, kina mama wamejifunika vitenge mpaka masikioni, na mimi nikasimama mbele kama mgombea. Jamani, niliongea! Nikasema, "Ndugu zangu, paswedi ni siri yako wewe peke yako! Usimpe mume, usimpe mke, usimpe padri, usimpe shehe! Ukiandikiwa kwenye karatasi, ikariri, kisha karatasi ichome moto! Na hakikisha paswedi yako haifanani na ya mtu mwingine yeyote hapa duniani!" (Hayo maneno ya mwisho natamani mtu angenirushia kiatu kabla sijayatoa.) Watu wakapiga makofi. Nikainama kidogo kupokea.

Mwenyekiti akauliza kama kuna maswali, akasimama Mzee Thadei. Huyu ni mstaafu, alikuwa karani wa tumbaku kule Namtumbo, mtu wa koti hata jua likiwaka, na kila kitu anataka kuhakikisha mara mbili.

"Shikamoo mzee," nikamwambia.

"Marahaba binti yangu. Nashukuru kwa somo. Mimi nataka kuhakikisha tu. Hii uliyonipa, inayoanza na S kubwa, ni ngumu ya kutosha?"

"Mzee, usiitaje hapa!"

"Sijaitaja. Nimesema S tu."

Kutoka nyuma nikasikia sauti ya Mama Batilda, jirani yangu, muuza mkaa, mwanamke ambaye hata akinong'ona anasikika stendi: "Eh! Hata yangu inaanza na S kubwa."

Fundi mmoja wa viatu akasema, "Yangu ina ile a iliyofungwa kamba." Mwingine akadakia, "Hata yangu ina kamba!" Mama wa vitumbua akauliza, kwa upole kabisa, "Halafu mwishoni si kuna moja, mbili, tatu..." na mtaa mzima, kwa sauti moja kama wanaitikia litania, wakamalizia, "Nne!"

Mwenyekiti akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Dada Skola," akasema taratibu, "hata mimi ni moja mbili tatu nne."

Basi hapo mkutano ukawa si mkutano tena. Kila mtu akatoa simu. Mama Batilda bila hata kuomba ruhusa akaingia kwenye akaunti ya mumewe, ambaye alikuwa amekaa mstari wa mbele na yule fundi wa viatu, akakuta amemwandikia kaka yake wa Madaba kwamba mkewe ni mzuri hana shida ila usiku anakoroma kama mashine ya kusaga. Akaisoma yote, kwa ile sauti yake, na mumewe akawa anatazama viatu vyake. Mimi nikadhani angalau hiyo itawasahaulisha habari zangu. Thubutu! Mama Batilda akageuka, akasema, "Hebu tujaribu na ile akaunti iliyoandikwa kwenye bango la duka lake."

Sasa hapa naomba mnisikilize kwa huruma. Duka langu lina ukurasa mtandaoni, na huo ukurasa una mteja mmoja anayeusifia kila wiki, anajiita Mteja Mwaminifu. Mama Batilda akaandika S kubwa na kuendelea, akaunti ikafunguka, na ikamuuliza anataka kuingia kama nani: kama Steshenari ya Dada Skola, au kama Mteja Mwaminifu.

"Mteja Mwaminifu kumbe ni wewe?" akapiga kelele. Halafu akaanza kusoma, mbele ya umma, niliyojiandikia kwa mkono wangu: "Dada huyu ana hekima, ana huduma ya haraka, na uzuri wake ni wa asili." Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mzee Thadei hakucheka, yeye akauliza tu, "Uzuri wa asili maana yake nini, kwamba hupaki kitu?" na hilo swali lake ndilo lililoniua kabisa.

Nikatoka mbio. Sikuaga. Kitenge cha Pasaka nimekishika kwa mikono miwili, nakimbia kuelekea dukani, na nyuma yangu mtaa mzima unanifuata, maana kila mtu sasa anataka abadilishiwe paswedi hapo hapo kabla jirani hajamwingilia. Nikafungua duka, nikakaa kwenye kompyuta, foleni imefika hadi kwenye mtaro, na wananisukuma na maneno: dada na mimi, dada mimi nina mgonjwa, dada mimi nilitangulia.

Katika wazimu ule nikamkumbuka Mwalimu Rehema. Nikajiambia, huyu hayupo hapa kujitetea, akaunti yake iko wazi kama uwanja wa mpira, mtu mmoja mjinga akiingia akachezea, uhamisho umekufa. Nikaanza na yake, kwa upendo kabisa, namwapia Mungu. Nikamtungia paswedi ngumu, majina ya vijiji na wajomba na tarakimu zimechanganywa hata mimi mwenyewe nisiikumbuke, nikaiandika kwenye kikaratasi, nikakikunja, nikakiweka chini ya stepla. Kisha nikaendelea na wengine: natunga, naandika, nakunja, namkabidhi mtu, wa pili. Watu ishirini na zaidi. Na bado kuna mtu nje anaimba "uzuri wa asili, uzuri wa asili".

Saa kumi na robo Mwalimu Rehema akafika, anahema, viatu vimejaa vumbi, barua mkononi imesainiwa na muhuri juu yake. Nasra yuko naye, kamshika sketi. Nikamkalisha, nikaskani barua, nikafungua mfumo, nikachukua kikaratasi chini ya stepla, nikaandika. Mfumo ukakataa. Nikaandika tena taratibu. Ukakataa. Nikajaribu vikaratasi vitatu vilivyobaki mezani, kimoja baada ya kingine, na cha mwisho kilipokataliwa maandishi mekundu yakatokea: umekosea mara tano, akaunti imefungwa.

"Kuna nini?" akauliza Mwalimu.

"Hakuna kitu," nikasema, nikijaribu kuficha kioo kwa kiganja.

Akainama akasoma mwenyewe. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililoniumiza. Alikaa tu, akavuta mtoto karibu, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Dada Skola, nimpigie Baba Nasra nimwambie basi?"

"Usimpigie mtu!" nikafoka, na nilikuwa najifokea mwenyewe.

Nikafikiri. Nikachukua kile kikaratasi cha chini ya stepla nikakijaribu kwenye akaunti ya kila mtu niliyemhudumia, na ya saba, ya Mzee Thadei, ikafunguka. Maana yake nilivibadilisha. Cha Mwalimu nimempa Mzee. Nikamtuma Mama Batilda (nani mwingine mwenye sauti ya kumwita mtu mtaa mzima) na baada ya dakika chache Mzee akaja na koti lake.

"Mzee, shikamoo, ile karatasi niliyokupa iko wapi?"

"Nimeichoma."

"Umeichoma?"

"Si ulisema tuchome? Nimefika nyumbani, jiko lilikuwa linawaka, nimeichoma."

"Lakini nilisema uikariri kwanza!"

"Kukariri nilikuwa nimepanga kesho," akasema Mzee, na alikuwa ameridhika kabisa, maana katika watu wote wa mkutano ule ni yeye peke yake aliyefuata somo langu.

Saa kumi na moja na dakika ishirini. Watu waliokuwa kwenye foleni wakaacha kugombana, kwa sababu habari ya Mwalimu Rehema na Baba wa Simu mtaani inajulikana, wakasogea dirishani wakawa wanatazama. Nikabonyeza pale panaposema umesahau, na mfumo ukasema utanitumia namba sita kwenye simu iliyosajiliwa, nizijaze ndani ya dakika kumi, ukanionyesha tarakimu mbili za mwisho za simu yenyewe. Nikazitambua. Moyo ukashuka mpaka kwenye ndala. Wateja wangu wanabadilisha laini kila msimu, kwa hiyo zamani nilikuwa nasajili akaunti zao kwa laini yangu mimi, na hiyo laini sikuwa nayo tena, nilimpa mama yangu mzazi kule Lusewa.

Simu yangu ilikuwa imekwisha chaji. Nikachukua ya Mwenyekiti, nikabonyeza mfumo utume namba, nikapiga Lusewa. Ikaita, ikaita, mara ya kwanza hakuna mtu. Mara ya pili akapokea, nyuma nasikia kuku. Kwa kelele za watu ikabidi niweke sauti ya nje.

"Shikamoo mama!"

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Ni mimi, Skola! Mama, hapo kwenye simu yako imeingia meseji ina namba sita, nisomee haraka."

Mama yangu akasema, kwa sauti ya mtu aliyekuwa anaisubiri siku hiyo, "Ahaa. Mmefika."

Sasa mnisamehe, lazima niseme. Krismasi iliyopita nilikaa na mama kwenye mkeka nikamfundisha kwa saa nzima kuhusu matapeli. Nilimwambia, mama, mtu yeyote akikuomba namba zilizoingia kwenye simu yako usimpe, hata akisema ni mimi, hata sauti ikiwa yangu. Nilimrudishia mara tatu mpaka akaelewa. Na mama yangu si mtu wa kusahau, hizo tabia za kufua karatasi kwenye suruali yeye hana.

"Mama, ni mimi mwanao!"

"Sauti mmeiiga vizuri. Lakini namba ya Skola naijua, hii siyo."

"Simu yangu imezima, hii ni ya Mwenyekiti!"

"Mtakuwa na mwenyekiti pia, kwa nini msiwe naye. Mna kundi zima." Nikamsikia anaita kuku. "Haya, kama wewe ni Skola, nijibu. Mwanangu Skola alikojoa kitandani mpaka darasa la ngapi?"

Watu dirishani wakasogea karibu zaidi. Mwenyekiti akawa anatazama dari. Mimi nikawatazama, nikawaona wote, wateja wangu, majirani zangu, mama wa vitumbua, na (hapa ndipo ujinga wangu ulipokomaa) nikajaribu kuokoa kaheshima kalikobaki. Nikasema, "La pili, mama."

"Mwizi mkubwa wewe!" akasema mama. "Skola hakuacha mapema hivyo!" Akakata.

Dakika nne zimekwenda. Nikamtazama Mwalimu Rehema. Hakuwa anacheka kama wengine. Alikuwa ameshika ile barua kwa vidole viwili kama kitu kinachoweza kupasuka, na Nasra alikuwa anamuuliza kama Baba wa Simu atakuja leo. Basi, nikasema moyoni, Skola, heshima yako ilishaondoka tangu saa nane na nusu, hapa unalinda nini?

Nikapiga tena. Alipopokea tu sikusubiri salamu, nikapaza sauti kuliko hata Mama Batilda: "Mama, la sita! Mpaka darasa la sita! Uliniachisha tulipokuwa tunajiandaa na kipaimara, ukasema Askofu hawezi kumpaka mafuta mtoto anayekojoa, na godoro ulilianika upande wa barabarani ili nione aibu!"

Nje mtu akaanguka kutoka kwenye benchi, nilimsikia.

"Eeh," akasema mama, na sauti ikalainika. "Ni wewe kweli, mwanangu. Pole na kazi. Umekula?"

"Mama, namba!"

"Ngoja nivae miwani. Haraka haraka ya nini, na mimi mtu mzima." Akazisoma moja moja, kwa utulivu, tarakimu sita, kila moja akiirudia, na mimi naandika, na mtaa mzima unanong'ona pamoja nami (siri gani tena). Mfumo ukafunguka. Nikapandisha barua. Kisha nikaondoka kwenye kiti, nikamwambia Mwalimu, "Kaa wewe, bonyeza mwenyewe."

Akabonyeza. Ikazunguka, ikazunguka, ikaandika kwamba maombi yamethibitishwa. Ilikuwa saa kumi na mbili kasoro dakika kumi na mbili. Mwalimu Rehema akaweka kichwa kwenye kibodi yangu akalia, herufi za h zikajaa kioo kizima, na Mama Batilda, yule yule aliyenichana saa nane, akaingia nyuma ya kaunta akatukumbatia sote wawili na vumbi lake la mkaa, kitenge cha Pasaka kikaisha hapo. Watu wakapiga makofi kuliko hata kwenye hotuba. Nilikuwa na furaha, jamani. Aibu ilikuwepo, imejaa tele, lakini furaha iliizidi.

Baadaye watu walipotawanyika, Mwalimu akasema anataka kuweka paswedi mpya. Nikavuta kiti, nikanyoosha vidole, nikafungua mdomo nimtungie. Akaniambia, kwa adabu zote za Tanga, "Dada Skola, naomba ugeuke." Nikageuka, nikatazama ukuta, nikasikia anabonyeza herufi zake, na nikaona ni jambo zuri sana kutoijua siri ya mtu.

Tangu siku hiyo nimeapa, na hiki ni kiapo cha kweli: simtungii mtu paswedi, siiandiki, siikumbuki, na simu yangu haiingii kwenye akaunti ya mtu. Mteja anaandika mwenyewe, mimi natazama ukuta. Wengine wanalalamika kwamba huduma imeshuka. Mteja Mwaminifu naye amestaafu, ingawa mpaka leo siwezi kupita sokoni bila mtu kuniuliza habari za uzuri wa asili, na watoto wa kipaimara wakipita dukani wananitazama kwa macho ya undugu.

Uhamisho ulitoka. Mwalimu na Nasra na magodoro yao wakapanda basi la Tunduru, na mimi nikarudi dukani kwangu. Wiki tatu baadaye, asubuhi, simu ikaita.

"Dada Skola, ni Rehema. Nimesahau paswedi."

Nilicheka mpaka mteja akatishika. "Mwalimu, siijui! Kwa mara ya kwanza siijui! Bonyeza umesahau, itatuma namba kwenye simu uliyosajili. Ulisajili ya nani?"

Akasema, "Ya Baba Nasra."

"Sasa si umpigie?"

"Nimpigie ya nini," akasema, na nikasikia anageuza uso kutoka kwenye simu, anaita kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya mtu anayeita chumba cha pili: "Baba Nasra! Hebu nisomee hizo namba."

Na nikamsikia akizisoma.